Nimeuziwa "maneno ya bei chee" ya matangazo, bajeti imekwisha na wateja sijawaona

Wakuu, nina hasira, na nitaandika hivyo hivyo nilivyo.

Kazi yangu ni kutengeneza printa za ofisini. Miezi mitatu iliyopita nilimkabidhi jamaa mmoja anayejiita mtaalamu matangazo yangu ya kwenye utafutaji wa Google, yale unayochagua maneno, mtu akiyatafuta tangazo lako linatokea, na unalipa kila anapobofya. Ahadi yake ilikuwa moja tu: atanitafutia maneno ya bei rahisi ambayo washindani wangu wameyaacha. Akaniletea jedwali la maneno 340, pembeni ya kila neno pameandikwa "ushindani: chini". Nikaona nimepata mtu. Nikalipa ada yake, nikaweka na bajeti ya matangazo.

Mwezi wa kwanza mibofyo ikapita 900. Simu zikaingia nne. Mbili ni vijana wanaotafuta kazi ya ufundi. Mmoja alitaka nimtumie programu ya printa yake ya zamani. Wa nne alikuwa na printa mbovu kweli, lakini ya nyumbani, kazi ambayo mimi sifanyi. Nikamuuliza mtaalamu, akanijibu: "Subiri kaka, mfumo unajifunza." Mwezi wa pili jibu likawa hilo hilo. Wa tatu nikagoma kulipa mpaka anitumie ripoti ya maneno ambayo watu wenyewe waliyaandika wakati wanatafuta, kwa sababu muda wote huo alikuwa ananirushia grafu za mibofyo inavyopanda, basi.

Ile ripoti niliisoma usiku, mstari kwa mstari. Neno "printa", peke yake, limewekwa kwa ulinganisho mpana, yaani tangazo litokee kwa utafutaji wowote unaohusiana na neno hilo. Chini yake nikakuta haya: "printa ni nini". "picha za printa". "jinsi ya kusafisha printa mwenyewe". "programu ya printa bure". "nafasi za kazi fundi printa". Mibofyo 212 kwa neno hilo moja, na kila mmoja nimeulipia mimi! Mwanafunzi anafanya kazi yake ya shule, hela natoa mimi.

Nikatafuta orodha ya maneno ya kuzuia, yale unayouambia mfumo "mtu akiandika hili, tangazo langu lisitokee". Tupu. Miezi mitatu mtu anakula ada na hajaandika hata neno "bure". Hiyo ni kazi ya nusu saa: bure, ajira, kazi, picha, mwenyewe, ni nini. Na ujue kwamba kuzuia hakusomi maana. Ukizuia "ajira", aliyeandika "nafasi za kazi" bado anapita, kwa hiyo lazima uyaandike yote mawili, na urudi kwenye ripoti kila wiki kuongeza mengine.

Kilichoniuma zaidi ni lile jedwali lenyewe. Nimekuja kujifunza kwamba kile kipimo cha ushindani kwenye zana ya kupanga maneno ya Google kinaonyesha wingi wa watangazaji wanaoligombea neno ukilinganisha na maneno mengine. Hakikuambii kama anayeliandika ana nia ya kununua. Maneno mengi yana ushindani mdogo kwa sababu wenzako wameshayajaribu wakaona hayaleti mtu. Yeye akayazoa yote akaniuzia kama hazina.

Halafu hata huo urahisi wa bei haudumu. Tangu 2002 Google imekuwa ikipanga matangazo kwa zaidi ya ukubwa wa dau, yaani kiasi unachokubali kulipa kwa mbofyo. Inaangalia pia uwezekano wa watu kulibofya, na baadaye ikaongeza jinsi tangazo linavyoendana na kilichotafutwa na ukurasa ambao mtu anatua akibofya. Sasa tangazo la fundi likitokea kwa mtu anayetaka picha, wengi wanalipita. Alama ya ubora, ile Google inayolipa neno lako kwa vigezo hivyo, inashuka, na ili ubaki pale pale inabidi upandishe dau. Maneno yangu ya "bei chee" mwezi wa tatu yalikuwa ghali kuliko ya mwezi wa kwanza. Grafu hiyo hakunitumia.

Nikafungua akaunti yangu mwenyewe, nikaweka maneno sita tu, kwa ulinganisho kamili, yaani tangazo litokee mtu akitafuta neno hilo hilo, yale yanayoandikwa kwenye mabano ya mraba. Moja ni [fundi wa printa za ofisini]. Mbofyo wake mmoja ni ghali mara tano ya ule wa "printa". Ndani ya wiki mbili nikapata mibofyo 9, wateja 3. Pigeni hesabu: 9 mara tano ni sawa na mibofyo 45 ya jamaa. Yeye kachoma 212 kwa neno moja na hakuna mteja hata mmoja. Sasa neno rahisi ni lipi hapo?

Nitakiri kwamba ulinganisho kamili nao haujafunga mlango wote. Bado unaruhusu maneno yenye maana inayokaribiana, kwa hiyo ripoti naisoma kila Jumatatu. Lakini naisoma mimi, kwa macho yangu.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Akaunti ile ya kwanza kaifungua kwa barua pepe yake. Kumbukumbu za miezi mitatu, mibofyo yote niliyoilipia, ziko kwake, na nikiomba niongezwe kama msimamizi ananiambia "hiyo ni mali ya ofisi". Mali ya ofisi vipi wakati kila senti iliyoingia humo imetoka mfukoni mwangu?

Wakuu mliowahi kunyang'anya akaunti yenu kutoka kwa mtu wa namna hii, mlipitia njia gani? Risiti zote za malipo ninazo, na mazungumzo yetu yote nimeyahifadhi.