Dau la mbao kabla ya kaskazi: kalafati au nivishe faiba?

Dau_Tudor: Asalam aleikum wazee wa bahari. Upepo wa kusi ushaanza kulegea na dau langu la futi 22 liko juu pwani tangu mwezi wa sita, nataka upepo wa kaskazi ukiingia niwe tayari kutoka nje ya mwamba nifuate nguru na jodari. Mbao nzuri bado ila chini laingiza maji. Fundi mmoja aniambia kalafati tu kama kawaida, yaani kupigilia pamba kwenye nyufa za mbao, elfu 18 na pamba juu yangu, mwengine asema nilivishe faiba lote (nyuzi za kioo na gundi ya rezini) nisahau kalafati kabisa, elfu 90. Nyinyi mungefanya nini?

Nahodha_Likoni: Waaleikum salam ndugu yangu. Kalafati. Mimi nilivisha faiba chombo cha marehemu baba, mwaka wa kwanza raha tupu, wa pili nikaona ubavuni kumefura, ukigonga palia kama debe, kufungua ndani mbao nyeusi imeoza na mataruma mawili, zile mbavu za chombo, yashakwenda. Mbao ilikuwa haijakauka, maji yakafungiwa mle ndani. Mpaka leo yaniuma. Mbao ikinywa maji hufura, ikianikwa hunywea, faiba haiwezi kuifuata.

FundiFaiba_Mtwapa: Faiba ndio kazi yangu na ntakwambia ukweli, faiba si mbaya, ubaya ni kuivisha juu ya mbao isiyoitaka. Dau lako lishawahi kupakwa sifa (mafuta ya samaki) au shahamu (mafuta ya mnyama)? Kama ndio wacha, mafuta yashaingia ndani na rezini haishiki hata ukwangue vipi. Faiba ni ya chombo kipya mbao kavu, tena kazi ifanywe alfajiri ama jioni, jua la saa sita rezini yagandia kwa ndoo hujafika nusu ubavu.

Dau_Tudor: Sifa lapakwa kila mwaka, tangu enzi za babu 😔

FundiFaiba_Mtwapa: Basi jibu unalo.

Ami_MjiWaKale: Mwanangu sikiza hapa, miezi yote hiyo juani mbao imenywea na nyufa zimepanuka, ukimwachia fundi apigilie pamba kwa nguvu mpaka ijae, siku dau likiingia majini mbao itafura isipate pa kwenda, itang'oa misumari. Lifunike makuti sasa hivi, lirushie maji asubuhi na jioni siku kadhaa ndio ukalafati, na pamba ipigwe kwa kiasi. Kabla ya hapo pitisha moto wa makuti chini wale wadudu wanaotoboa mbao wafe, misumari iliyokula kutu toa yote utie iliyopakwa zinki. Likishuka na bamvua, maji yakijaa sana, liache lielee siku mbili karibu na pwani, litavuja kidogo kisha litajifunga lenyewe.

MamaSamaki_Bamburi: Mimi ni mnunuzi si mvuvi lakini niwaombe kitu, kabla hujatia pesa kwa nyavu fikiria mishipi. Nguru wa kurambaza, mshipi ukikokotwa nyuma ya chombo, anakuja mzima macho yang'aa, wa nyavu akilala majini usiku kucha nyama ishalegea na wateja wangu wanajua. Na hizi nyavu za uzi wa plastiki ule mwembamba musinunue jamani, zimepigwa marufuku, na ikikatika huko chini yaendelea kuua samaki bila mtu kufaidi.

Nahodha_Likoni: Kweli mama. Kwa nguru usisahau waya juu ya ndoana, meno yake hukata uzi. Na mashine fungua oili ya gia, ukiiona nyeupe kama maziwa maji yaingia, badilisha sili, na impela ya pampu ya maji ya kupoza mashine pia. Ile elfu 72 itakayobaki, ukitoa ya pamba, anza na jaketi za kuokolea, za watu wote chomboni.

Dau_Tudor: Nishalifunika makuti. Wa kalafati nimemwambia aje wiki ijayo, si kesho. Fundi wa Mtwapa, ahsante sana, umenikataza kazi ambayo ungelipwa wewe.