Siku 60 za ajira za muda zimeisha, kaka yangu bado anadaiwa cheti

Binti Mufindi:
Kamwene ndugu zangu. Mama yangu ni mlengwa wa TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Siku zake 60 za ajira za muda zimeisha mwezi uliopita, walikuwa wanachimba mifereji ya barabara ya zahanati. Hela ile imenunua mbolea na madaftari ya wadogo zangu, siibezi hata kidogo. Kinachoniuma ni kaka. Ana miaka 27, seremala, ufundi kaupata kwenye banda la baba mdogo. Kampuni moja ya ujenzi ilikuja, tukaambiwa wenyeji kwanza. Getini wakamdai cheti. Sasa anapakia mbao kwenye malori kwa kutwa, mtu anayeweza kutengeneza kabati zima! Afanyeje?

Fundi Tukuyu:
Pole sana dada. Mimi ni mwashi, nilikwama hapohapo. VETA, wale wa vyuo vya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Wanakupima, wanaona unapopungukiwa, unafundishwa hayo tu, ukifaulu unapewa cheti. Mimi kujenga hakukunisumbua, kilichonisumbua ni kusoma ramani. Aende VETA Iringa aseme wazi kwamba ni fundi tayari, anataka kutambuliwa ujuzi, la sivyo ataelekezwa kozi ndefu. Abebe picha za milango na vitanda alivyotengeneza.

Mama Chapati Makambako:
Mwanangu, cheti atafute, lakini asisubiri geti la mtu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Aonane na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Ila nakuomba, asiingie kikundi kilichookotwa kwa ajili ya mkopo! Sisi tulikuwa kumi, hela ilipoingia watatu wakahamia mjini, deni tukalilipa saba. Nililia. Achague mafundi wenzake anaowajua hadi kwao.
Na mama yako je, ameulizia ruzuku ya uzalishaji? Walengwa wanapewa mafunzo, wanaandika mpango wa biashara ndipo wanapata.

Binti Mufindi:
Asanteni mno. Mafunzo hayo yalipita, mama akayakosa kwa sababu ya msiba wa shangazi. Kesho namfuata mtendaji nimuulize yatarudi lini. Jumatatu mimi na kaka tunakwenda Iringa, nauli tumeuza debe mbili za mahindi. Picha anazo tatu tu, nimemwambia leo apite kwa wateja wake wa zamani apige nyingine.