Je, ni kweli muziki wa sasa haufikii ule wa zamani?

Muulizaji, Moshi:
Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye sherehe ya kipaimara hapa Majengo, na kwa saa mbili DJ alipiga nyimbo mpya tupu huku wazee wamekaa kimya. Alipoweka wimbo mmoja wa dansi, baba yangu mdogo aliinuka, akasogea karibu na spika, akanyoosha kidole kungoja gitaa la pili, na lilipoingia akakishusha palepale. Nina miaka 31, na sina wimbo wa rika langu ninaoujua kwa kiasi hicho. Naomba kuelimishwa: ni muziki ulioshuka, au ni mapenzi ya ujana wao tu?

Mzee wa Besi, Arusha:
Mwanangu, nilipiga besi kwenye bendi kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa jinsi kazi ilivyokuwa. Wimbo ulikuwa na sehemu mbili: kwanza kisa kiliimbwa taratibu, kisha likafuata chemko, ambapo magitaa na tarumbeta hujibizana na watu huingia kucheza. Kabla ya kwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, tulikuwa tumeupiga ukumbini kwa wiki kadhaa, tukipunguza pale wachezaji walipoanza kurudi vitini. Na studioni tulipiga wote kwa pamoja, hivyo mmoja akikosea, wote tunaanza upya. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walitoka Tanga wakapiga hapa na Arusha Jazz kabla ya kwenda Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako walijulikana kama Simba Wanyika, na ukisikiliza magitaa yao unasikia watu waliokesha pamoja. Kijana wa leo ana kipaji kilekile, ila anaimba peke yake juu ya biti ya prodyuza, na wimbo unatoka kabla haujachezwa na yeyote. Hilo ndilo linaloniuma.

Binti wa Ngarenaro:
Shikamoo mzee. Kuhusu ukumbi nakubaliana nawe kabisa. Hata hivyo, tunaziita zilipendwa kwa sababu zile ambazo hazikupendwa hatuzisikii tena, kisha tunazilinganisha na kila kitu kilichotoka wiki hii. Tena yasikilizeni maneno: ni nyimbo ngapi za dansi zinazomsema mwanamke kwa tamaa na ulaghai, huku kisa kikisimuliwa na mwanamume peke yake? Na hapa mjini kwetu Arusha, kundi la X Plastaz waliuchukua uimbaji wa Kimaasai, ile sauti nzito ya kooni, wakauweka juu ya hip hop yenye tungo za maisha ya mtaani. Hilo hawakulirithi kwa bendi yoyote.

Muulizaji, Moshi:
Asanteni sana. Leo nimemwekea baba mdogo X Plastaz kwenye simu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba sauti ya yule Mmaasai ina watu nyuma yake, ila ngoma haina mtu. Mzee wangu, kama unaujua ukumbi wowote, Arusha au huku Moshi, ambako bendi bado inapiga Jumamosi, nielekeze nimpeleke.