Epoksi imetoa malengelenge katika nyumba ya mama Tanga: niandaeje sakafu upya?

MkaziWaRau (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijatumia fedha mara ya pili. Mwaka jana niliamua kupaka epoksi (rangi nzito ya plastiki inayokauka ikawa ngumu) sakafu za nyumba ya mama yangu iliyopo Tanga, si mbali na bahari, kwa sababu niru ya zamani ilikuwa imechoka na vumbi lake lilikuwa likimsumbua kifua. Nilimchukua fundi yule yule aliyepaka gereji yangu hapa Moshi, ambayo mpaka leo haina kasoro. Alifanya kama alivyofanya huku: aliosha sakafu kwa tindikali, akasuuza, akaiacha usiku mmoja ikauke, na kesho yake akapaka.

Masika yalipoingia, sebuleni yalianza kutokea malengelenge, na nilipoyatoboa yalitoa majimaji yenye utelezi. Chumbani kwa mama epoksi inabanduka vipande vizima, na upande wa chini wa kila kipande umeshika unga wa saruji. Fundi anasema epoksi yenyewe ilikuwa mbovu, lakini ndoo zilitoka duka lile lile. Jamvi (zege la chini ya sakafu) lilimwagwa na marehemu baba miaka ya 1980, na sidhani kama waliweka nailoni chini yake. Je, nianzie wapi?

FundiWaNjiro (Arusha)

Pole sana ndugu yangu, na umfikishie mama pole zetu. Ulivyoeleza vizuri, ninaona maradhi mawili tofauti, na ukitibu moja tu utarudi hapa tena.

Unga ulioshika chini ya vipande unaonyesha kwamba epoksi yenyewe ilishika vizuri, ila ilishika kitu ambacho hakikushikamana na zege. Niru ni ngozi nyembamba ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Ni nzuri kwa kudekiwa, lakini ni dhaifu kubeba tabaka gumu linalovuta kwa nguvu linapokauka. Lazima iondolewe yote kwa mashine ya kusaga sakafu yenye meno ya almasi, mpaka uone mchanga na uso wa kokoto, na ukipitisha kiganja uhisi mkwaruzo kama wa msasa. Pembeni mwa kuta, mahali ambapo mashine kubwa haifiki, tumia grenda yenye kikombe cha almasi. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo fundi avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri, na mama ahamie kwa jirani siku hizo. Baada ya hapo vumbi linyonywe kwa mashine, kwa maana ufagio huliacha ndani ya vitundu vya zege.

Malengelenge yenye majimaji ni habari ya unyevu unaopanda kutoka ardhini. Epoksi haipumui. Mvuke ambao miaka yote ulikuwa ukipita kwenye niru bila mtu kuuona sasa umefungiwa chini, na chumvi zilizomo kwenye zege huzidi kuvuta maji hadi tabaka linainuka. Kata nailoni ngumu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne pasipo jua la moja kwa moja, na uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, usipake. Fanya hivyo kila chumba, tena sehemu zaidi ya moja.

BintiMwambao (Tanga)

Naongezea la hali ya hewa, kwa sababu watu wa bara hulisahau. Hewa ikiwa na nyuzi 27 na unyevu wa asilimia 85, umande hutunga juu ya kitu chenye nyuzi 24 hivi. Kanuni ni kwamba sakafu iwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya hapo, yaani isipungue 27, na asubuhi ndani ya nyumba zetu zenye kivuli sakafu mara nyingi haifiki. Hutaona maji kwa macho, lakini utando upo na epoksi itakaa juu yake. Wakati huo huo, ukipaka jua likiwa linapanda, hewa iliyomo kwenye zege hutanuka na kutoboa vishimo. Sisi husubiri joto lianze kushuka alasiri, tukamaliza kabla ya umande wa jioni. Changanya kidogo kidogo pia, kwa kuwa kwenye joto letu mchanganyiko huganda ndooni mapema kuliko mlivyozoea Moshi.

Tafadhali uliza pia kama mchanga ulitoka ufukweni au maji yalikuwa ya kisima chenye chumvi. Nyumba nyingi za zamani huku zilijengwa hivyo.

MamaWaPasua (Moshi)

Je, sakafu haikuwahi kupakwa nta nyekundu? Ya kwangu ilipakwa miaka mingi, na tindikali haikuigusa hata kidogo. Nyunyizia maji: yakikaa kama matone juu ya jani la mgomba, nta bado ipo.

MkaziWaRau (Moshi)

Nimerudi kutoka Tanga. Nta ilikuwepo, mama amekiri aliipaka kila sikukuu. Mchanga ulitoka ufukweni. Nailoni za sebuleni na ukumbini zilikuwa kavu, lakini chumbani kwa mama, kilichopakana na karo la choo, zege lilikuwa jeusi kwa maji. Je, tindikali niiache kabisa?

FundiWaNjiro (Arusha)

Iache. Tindikali hiyo ina kloridi, na sakafu yako tayari ina chumvi ya bahari. Tena inakulazimu umwage maji mengi juu ya zege unalotaka likauke. Nta ikwanguliwe na kuoshwa kwa sabuni ya kuondoa mafuta kabla ya kusaga, la sivyo meno ya mashine yataisambaza.

Majibu makavu ya sebuleni usiyaamini mpaka uyapate pia wakati wa mvua, kwa sababu nailoni hupima unyevu wa juu tu. Kipimo cha uhakika zaidi ni kutoboa tundu la kina cha asilimia 40 ya unene wa jamvi na kuweka kipima unyevu ndani. Kwa epoksi nyingi kikomo kinachotajwa ni asilimia 75. Ukizidi hapo, kuna praima (tabaka la kwanza la chini) maalumu za epoksi za kuzuia unyevu, nazo zina kikomo chake kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Chumba cha mama usikipake epoksi. Kagua karo kama linavuja, kisha weka vigae visivyoteleza kwa gundi ya saruji, ambayo huvumilia unyevu.

MkaziWaRau (Moshi)

Nimekuelewa, kaka. Fundi wa karo anaanza Jumatatu, sebule nitaipima tena mvua za vuli zikinyesha, na mama ameshachagua vigae vya rangi ya udongo.