Sabuni ya mafuta ya bucha kwa mwarobaini

Mkulima Igoma: Wakuu, napika sabuni ya mafuta ya ng'ombe kwa kostiki soda, ili ishikishe mafuta ya mwarobaini kwenye maji ya kunyunyizia mchicha. Inayeyuka kwa shida, mafuta yanaelea. Nifanyeje?

Fundi Kirumba: Mkuu, tumia kostiki ya potasi (KOH) badala ya soda. Kilo ya mafuta hayo inakula gramu 200 hivi za kostiki hiyo ikiwa safi. Ya soda ni 140. Usizidishe, majani yataungua. Sabuni inatoka laini, inayeyuka upesi. Ikoroge kwanza na mwarobaini, ndipo uongeze maji kidogo kidogo hadi yawe meupe kama maziwa. Na tafadhali sana, kostiki imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Vaa glavu na miwani.

Mama Bustani: Unatumia maji ya kisima? Chokaa iliyomo inaikata sabuni. Kinga maji ya mvua.