Mistari ya mwanga ya Double Indemnity (1944): inapigwaje, na mbona paneli ya LED inaifuta?

KibiritiNgoto
Wakuu, salaam. Kuna filamu fupi ya dakika 12, nyeusi na nyeupe, inapigwa kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kuta nyeupe. Kinachotafutwa ni ule mwanga wa filamu ya Double Indemnity, pale Walter Neff, wakala wa bima, anapoingia mara ya kwanza nyumbani kwa akina Dietrichson: jua linapenya kwenye mapazia ya vibao, mistari imelala ukutani, vumbi linaelea. Vifaa vilivyopo ni paneli ya LED ya sm 30 kwa 30, taa moja ya LED ya wati 200 yenye chipu moja ya duara, na pazia la vibao la alumini kama yale ya maofisini. Paneli ikiwekwa mita 1.5 nyuma ya pazia, na ukuta ukiwa mita 2 mbele yake, unapatikana weupe uliofifia tu, mstari hakuna. Kuongeza mwanga hakubadilishi kitu. Kosa liko wapi? Na lile vumbi walilipataje?

Kivuli_Mkavu
Kosa ni upana wa taa. Nguvu yake haihusiki hapa. Ukingo wa kila kivuli hufifia kwa kiasi hiki: upana wa chanzo, mara umbali wa pazia hadi ukutani, gawanya kwa umbali wa taa hadi pazia. Kwa vipimo vyako: 30 × 2 ÷ 1.5 = sm 40 za kufifia. Mstari mmoja hadi mwingine ukutani hauzidi sm 10. Vivuli vyote vimemezana, ndiyo maana unaona weupe.

Paneli iweke kando kabisa. Chukua hiyo ya chipu moja, vua kiakisi chake na usiifunge kitambaa chochote mbele. Chipu ya namna hiyo ina upana wa kama sm 4. Isogeze mita 4 nyuma ya pazia, ukuta ubaki mita 2: 4 × 2 ÷ 4 = sm 2 za kufifia. Kama vibao vyako ni vipana, vya mm 50, mstari mmoja hadi mwingine ukutani itakuwa kama sm 6 na itasimama vizuri. Kama ni vyembamba vya mm 25, itakuwa sm 3 tu na bado mistari itaonekana laini. Hapo taa iende mita 8, hata kama ni kuipitisha dirishani ikasimama uani.

Kwa atakayekodi taa ya fresneli (yenye lenzi ya miduara inayobana au kutanua boriti): wengi huibana iwe boriti nyembamba wakidhani ndivyo kivuli kinavyokazika. Ni kinyume. Ikibanwa, lenzi nzima inajaa mwanga na yenyewe inakuwa chanzo kipana. Ifungue hadi mwisho, kivuli kitakaza. Ukiweza kuitoa lenzi kabisa, bora zaidi.

Halafu pembe ya vibao. Anza vikiwa vimelala sambamba na miale, kivuli kikiwa kama uzi, kisha zungusha kamba polepole mpaka cheusi na cheupe vilingane. Ukipitiliza kidogo tu chumba kinaingia giza. Wala hulazimiki kuwa na dirisha: pazia litundikwe kwenye stendi kati ya taa na mwigizaji, kamera isilione.

Mama_Reli
Kwa vumbi: mpigapicha wa filamu ile ni John F. Seitz, na mwongozaji Billy Wilder alitaka nyumba ionekane kama haijafutwa siku nyingi. Wilder amesimulia kwamba Seitz alipuliza chembe za alumini hewani kabla kamera haijawashwa, zikawa zinashuka ndani ya mwanga. Msiige hilo. Unga wa alumini unawaka, ukitanda hewani unaweza kulipuka, na mapafu hayaupendi. Tumieni mashine ya ukungu mwepesi inayotumia maji na glaikoli. Pulizeni kwa sekunde chache, zimeni feni, fungeni milango, subirini dakika 5 hadi 10 usambae. Ukirekodi mapema utapata mawingu ya moshi kama ya ukumbi wa muziki.

Ukungu hauonekani ukiwa na taa mgongoni kwako. Miale inaonekana taa ikitoka nyuma ya mwigizaji au ubavuni, na nyuma ya miale pakiwa peusi. Kuta zenu nyeupe zitauua. Tundikeni vitambaa vyeusi kwenye kila ukuta usioonekana kwenye picha, na sakafuni pia kama ni vigae vya rangi nyepesi, kwa sababu mwanga ukigonga hapo unarudi na kujaza vivuli mlivyohangaikia.

Halafu vumbi lile halikuwa pambo la mpigapicha peke yake. Limo kwenye maneno: Neff mwenyewe anasimulia kwamba sebule bado ina harufu ya sigara kubwa za jana, madirisha yamefungwa, na jua linalopita kwenye pazia linaonyesha vumbi hewani. Wilder na Raymond Chandler waliliandika, Seitz akalitekeleza. Kama mswada wenu haumpi mtu sababu ya kufunga mapazia mchana, mistari itaonekana imebandikwa.

Fundi_Fremu
Naongeza la kupima mwanga, maana hapo ndipo wengi huharibu. Pimeni uso ukiwa ndani ya mstari mweupe na uwe juu ya kipimo cha kawaida kwa stopu 1 hadi 1.5 (kila stopu ni mwanga mara mbili, au nusu ukishuka). Mstari mweusi ukae chini ya huo mweupe kwa stopu 3. Ukizidisha hapo, macho yanapotea kila mwigizaji akisogea nusu hatua. Wekeni alama za utepe sakafuni: jicho moja liangukie kwenye mwanga. Mstari mweupe ukikata puani na macho yote yakabaki gizani, sogezeni pazia juu au chini kwa sm 2 au 3, mwigizaji mwacheni alipo.

Angalizo la wigi. Barbara Stanwyck, anayeigiza Phyllis Dietrichson, mke anayepanga na Neff kumuua mumewe, alivaa wigi la rangi ya dhahabu lililomfanya Buddy DeSylva, mkuu wa uzalishaji wa studio ya Paramount, aseme wamemlipa Stanwyck wakaletewa George Washington. Nywele za rangi nyepesi chini ya mwanga mkali hugeuka weupe mtupu kwenye picha haraka kuliko ngozi, na kwenye nyeusi na nyeupe hakuna rangi ya kuficha. Kipande kidogo cha wavu mweusi mbele ya taa, usawa wa nywele tu, kinashusha nusu stopu na kinatosha.

Na kagueni vidole! Neff ni kapera, lakini pete ya ndoa ya Fred MacMurray anayemwigiza inaonekana mkononi karibu filamu nzima.

Mtaa_wa_Pili
Mistari ile ni nondo za gereza, wakuu. Neff ameshafungwa kabla hajaua. Wekeni kila eneo.

Mama_Reli
@Mtaa_wa_Pili tafsiri hiyo imezoeleka, lakini kuiweka kila eneo ni kuichosha. Tazama wanavyoibania. Ziara ya kwanza kuna jua na vumbi. Ofisi ya bima usiku, Neff akiungama kwenye mashine ya kurekodi ya silinda, giza ni la aina nyingine, taa ya mezani na ukumbi mtupu. Mauaji garini hayana mistari hata kidogo: kamera inabaki usoni kwa Stanwyck anayeendesha, mumewe ananyongwa pembeni nje ya picha, na tunachokiona ni uso wa Stanwyck tu. Mapazia yanarudi kwa nguvu sebuleni usiku wa mwisho, Phyllis akishazima taa. Ingekuwepo mistari kila mahali, usiku ule usingekuwa na lolote jipya.

KibiritiNgoto
Asanteni sana. Vibao ni vya mm 25, kwa hiyo taa inatoka nje, mita 8. Mawili yamebaki. Mkiangalia ukuta wa pembeni mistari inalala mshazari, je, ni kosa? Na kwenye mswada kuna mtu anajificha nyuma ya mlango kama Phyllis anavyofanya pale Keyes, mkuu wa madai kwenye kampuni ya bima, akitoka nyumbani kwa Neff. Mlango wa nyumba hii unafungukia ndani.

Kivuli_Mkavu
Mshazari si kosa. Ukuta ulio sambamba na pazia unapokea mistari iliyolala. Ukuta wa ubavuni unaipokea imeinama, na inazidi kuinama kadiri taa inavyopanda juu. Jua la alasiri hufanya hivyohivyo. Kosa ni ukiwasha taa ya pili upande mwingine, mistari ikapishana kama wavu: macho ya mtazamaji yanajua jua ni moja. Kwa mita 8 mwanga unaofika kwenye pazia utapungua hadi robo ya ule wa mita 4, yaani stopu 2, kwa hiyo pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) badala ya kusogeza taa karibu. Pigeni jioni, au zibeni madirisha mengine.

Fundi_Fremu
Mlango wa Neff ni danganya toto. Milango ya nyumba za kupanga hufungukia ndani; ule wa kwenye seti ulijengwa ufungukie kwenye korido ili Stanwyck apate pa kusimama. Keyes, yaani Edward G. Robinson, anaondoka, mlango uko kati yao, Neff anausukuma kwa mgongo mkono wa Phyllis ukiwa kwenye kitasa. Ninyi mnaweza kung'oa bawaba na kuzifunga upande wa nje wa fremu, ila ile kingo ya mbao inayozuia mlango usipitilize lazima itolewe nayo ihamishiwe ndani, la sivyo mlango hautafunguka. Mwenye nyumba aambiwe kwanza.