Eti mtoto wangu anaumwa kwa sababu ya karma? Mnaoujua Ubudha naombeni msaada

mama_iringa
Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa miaka 9 ana selimundu. Kuna grupu la kutuliza akili kwa kufuata pumzi, rafiki yangu aliniunga, na kwa kweli lilikua linanisaidia usiku mtoto akishikwa na maumivu. Sasa juzi nimeomba mtukumbuke tu, dada mmoja anayefuata Ubudha akaandika mbele ya watu wote kwamba hiyo ni karma, mtoto analipa aliyoyafanya maisha yaliyopita na mimi kuzaa mtoto wa hivyo nalipa ya kwangu. Nilizima simu nikakaa jikoni nikalia mpaka mboga ikaungua. Mi ni Mlutheri, sitafuti kubadili dini, nataka kujua tu Budha mwenyewe alisema hivyo kweli?

msomaji_tanga
Pole sana dada yangu. Hapana, na sio mimi ninayesema hapana. Kuna mtu alikua anaitwa Sivaka, alimfuata Budha pale Rajagaha, mji wa India ya kale, akamuuliza hilo hilo, kwamba wapo walimu wanasema kila anachohisi mtu, iwe raha iwe maumivu, chanzo chake ni matendo ya zamani, we unasemaje? Budha akamtajia vyanzo vinane: nyongo, makohozi, upepo mwilini, hivyo vitatu vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutoutunza mwili vizuri, kushambuliwa, alafu cha nane ndo karma. Yani kimoja kati ya vinane!! Akasema wanaodai yote ni matendo ya zamani wanavuka kile ambacho mtu anakijua mwenyewe na dunia inakikubali, wamekosea. Nyongo na upepo ni utabibu wa India ya kale, wazee wetu huku pwani nao wanautaja upepo mpaka leo, lakini angalia anavyofikiri, jambo moja lina visababishi vingi na vingine viko mbele ya macho yako. Mwanao amepata kinasaba cha selimundu kimoja kwako kimoja kwa baba yake. Baridi inamchokoza, maji yakipungua mwilini yanamchokoza. Hayo ni majira na matunzo, cha tano na cha sita.

kijana_wa_soko
Mkuu tuseme yote. Ipo sutta nyingine, yani hotuba ya Budha, kijana Subha anauliza mbona watu hawalingani, wengine wazima wengine wagonjwa, na Budha anajibu kwamba mwenye kuumiza viumbe akizaliwa tena mtu anakua wa maradhi maradhi. Huyo dada hakulitoa hewani.

msomaji_tanga
Ipo kweli, siikatai. Ila pale anamwonya mtu achunge mkono wake kuanzia leo, hajampa yeyote ruhusa ya kusimama kitandani kwa mgonjwa akaanza kusoma kurudi nyuma, kutoka ugonjwa mpaka makosa ya zamani. Tena matokeo ya karma aliyaweka kwenye mambo manne ambayo hayafai kuchimbwa, akasema anayeyachimba ataambulia kuchanganyikiwa. Na karma yenyewe kwake ni nia. Nia ya mtoto wa miaka 9 anayelilia goti lake ni ipi jamani?

abuu_mrima
Mimi Muislamu lakini hili limenigusa. Swali, si Wabudha wanasema hamna roho ya kudumu? Sasa anayelipa ni nani?

msomaji_tanga
Kwenye kitabu chao kimoja cha kale, Mfalme Milinda alimuuliza hivyo mtawa wa Kibudha Nagasena. Akamwambia taa ikiwaka usiku kucha, mwali wa jioni ndo huo huo wa alfajiri? Sio huo huo, na sio wa taa nyingine. Au maziwa, yanakua mtindi, mtindi siagi, siagi samli, huwezi kusema samli ni maziwa ila bila maziwa samli hamna. Kwaiyo hata kwa hesabu zao, kumnyooshea kidole mtoto kwamba "wewe ulifanya" ni kukosea.

bibi_mstaafu
Mwanangu wa Iringa, mimi nimeuguza miaka mingi. Wabudha wana mfano wa mishale miwili, wa kwanza ni maumivu ya mwili, wa pili ni ule moyo unaojichoma wenyewe baada ya wa kwanza. Ule wa pili safari hii umechomwa na mtu mwingine. Mwanangu, uchomoe. Hiyo pumzi endelea nayo, hao wa grupu sio wenye pumzi.

mama_iringa
Asanteni sana, nimesoma nikilia ila kilio kingine. Hapo kwenye majira nimeshtuka, kila mwaka Juni na Julai ndo tunalazwa. Leo baridi imeanza, nimemvalisha soksi mbili na chupa ya maji iko kichwani kwake. Hiyo habari ya Sivaka naipata wapi?

msomaji_tanga
Samyutta Nikaya, mkusanyiko wa hotuba za Budha, sura ya 36, sutta ya 21. Fupi sana, unaimaliza kabla chai haijapoa.